Gari ya likelemba: fulu opsheni ao ya kawaida?



Leo hatuandiki juu ya maandamano, wala juu ya barua yenye meya hajajibu. Tunaandika juu ya gari. Msicheke. Vikundi vya vijana vyenye tunajua hapa Butembo, vyenye vinaweka franga kwa likelemba ao kwa AVEC, vingi viko na ndoto moja: kununua pikapu. Na vikifika mbele ya muuzaji vinakwama pahali pamoja. Tuchukue ile ya kawaida, ao tutafute nyongeza tuchukue fulu opsheni?

Siye wenyewe tulikwama pale wiki sita. Tulipigiana makelele, wawili wakatoka ku grupu ya WhatsApp, mmoja akarudi. Kwa hiyo tunasema yale tulijifunza, na tunasema wazi upande wenye tuko: kwa kazi ya kubeba mizigo ku barabara zetu, na franga ya kikundi, tunachukua ya kawaida. Lakini kuna kitu kimoja cha fulu opsheni chenye kilituuma kweli kukiacha, na hatutakificha.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaanza na rangi.

Tuko watu 14. Wote tuko na diplome: agronomia, sheria, uchumi, ualimu, afya ya jamii. Hakuna mwenye anapata mshahara wa mwezi. Watatu ni wamotari, mmoja anashona, kuna wenye wanafundisha watoto masomo ya jioni, kuna mwenye anauza mega mbele ya nyumba ya mama yake. Tulikubaliana dola 30 kila mtu, kila mwezi, kwa miezi 30. Ile ni dola 12,600. Kuna miezi mtu alikosa na mwenzake akamlipia. Zile kesi zimekwisha, hatuzirudilii. Franga ilikuwa nzima.

Muuzaji alituonyesha Hilux mbili, zote za mwaka 2012, zote volani ya kushoto, zote 4x4. Ya kwanza nyeupe, kabini moja, janti za chuma, vioo vya kuzungusha na mkono, viti vya plastiki, na pale redio inapaswa kukaa kuna tundu. Aliomba 11,500. Ya pili rangi ya fedha, kabini mbili, janti za alimini, vioo vya umeme, klima, ABS, airbag, redio ya skrini, na kile chuma cha kung'aa mbele chenye kinafanya mtu anyooshe shingo. Aliomba 16,000 na akaapa kwa mama yake kwamba hatashuka.

Kwa ile ya pili tulikosa 3,400. Ongeza plaki, karte roze, asiransi na kontrole, 600. Jumla 4,000. Na hapo ndipo alitokea mtu mwenye kila kikundi kinamjua, mtu wa bank lambert, akiwa na franga tayari mfukoni: 4,000 leo, riba 20% kila mwezi. Rudilia ile hesabu pole pole. Riba peke yake ni dola 800 kwa mwezi, mbele ya kugusa deni lenyewe. Mchango wetu wote, watu 14, ni dola 420 kwa mwezi. Yaani kabla gari haijabeba hata gunia moja, ingedaiwa karibu mara mbili ya jasho letu sote.

Mwenzetu mmoja aliangalia ile hesabu akasema: "Gari itafanya kazi, itajilipa." Inawezekana. Lakini gari hailali garaji kwa sababu ya deni, inalala kwa sababu imeharibika, na riba haijui kama umelala. Tunajua kikundi kimoja ku mutaa wetu chenye kilipoteza gari yake hivyo, mwezi wa tano, na leo wale vijana hawasalimiani.

Sasa tuwe wa haki. Mtetezi mkubwa wa fulu opsheni kati yetu alikuwa dada mwenye alisoma uchumi, na maneno yake hayakuwa ya kujionyesha. Alisema: "Munahesabu kama watu wenye watabeba viazi maisha yote. Ile ya fedha tunaikodisha kwa ONG. Dola 80, dola 100 kwa siku, mazuti juu yao. Ile nyeupe hakuna ONG yenye itaingia ndani." Ni kweli. ONG inataka kabini mbili, mikanda ku viti vyote, klima, airbag, na karatasi zote za gari. Hapo fulu opsheni si kiburi, ni chombo cha kazi.

Tukatuma watu wawili wazunguke ku milango ya mashirika siku nzima. Walirudi na viatu vimejaa vumbi na habari hii: wanakodisha kwa agence zenye ziko na magari mengi, ili moja ikikufa ingine ije saa ile ile, wanapenda gari ya miaka ya karibu, na ya 2012 wanaiangalia kwa jicho la huruma, wanalipa baada ya fakture, wakati mwingine miezi miwili nyuma. Kisha tangu Marekani ilifunga USAID mwaka 2025, mashirika mengi yalipunguza kazi, na gari za kukodi ndizo zinakatwa kwanza. Shofere mmoja wa kukodi alituambia yeye sasa anatafuta mwenye atampa Probox ya taxi.

Kwa hiyo kama kikundi chenu kiko na kontra mkononi, karatasi yenye sinyatire na muhuri, si ahadi ya shemeji mwenye anafanya kazi ya ulinzi pale, basi chukueni kabini mbili yenye vyote na hatutawacheka. Siye hatukuwa nayo.

Tuliyokuwa nayo ni Masereka. Viazi, poro, kabeji, karoti. Tangu Kanyabayonga ilianguka mwezi wa 6 mwaka 2024, njia ya kwenda Goma si njia tena, na mji huu unakula kutoka vijiji vya karibu na kutoka Kasindi. Kuna kazi ya kubeba. Swali lilikuwa: kubeba na nini?

Hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Wanafikiri fulu opsheni ni gari ile ile pamoja na nyongeza. Hapana. Ku pikapu, ukipanda daraja, mara nyingi unapandishwa na kabini mbili, na kabini ya pili inakula sehemu ya mizigo. Ku Hilux ya kabini moja, sehemu ya nyuma inapita metre mbili. Ku kabini mbili inabaki karibu metre moja na nusu. Tulienda na kamba tukapima. Magunia yenye yalilala vizuri ku ile nyeupe, ku ile ya fedha yalipaswa kupandishana mpaka juu ya kioo.

Kisha uzito. Kila mtu anasema Hilux inabeba tone moja. Ile tone ya ku karatasi inahesabu pia watu wenye wako ndani. Tia watu watano wakubwa ku kabini mbili, umeshamaliza kilo 350, na bado chuma cha ile kabini chenyewe ni kizito. Kinachobaki kwa viazi ni magunia sita ya kilo mia, si kumi. Tunajua, tunajua: hapa watu wanapakia kumi na tano na wanamwomba Mungu. Ndiyo maana resori zimevunjika na gari zinatembea upande kama kaa. Lakini ukipakia kupita kiasi, afadhali uanze na gari yenye ilitengenezwa kwa kupakia.

Moteri ilituchukua jioni mbili nzima. Zote mbili ni lita 3.0 za mazuti, na muuzaji alitumia hiyo kutuambia "moteri ni moja". Uongo. Ya nyeupe ni ile ya kizamani bila turbo, 5L, karibu farasi 100. Ya fedha ni D-4D ya turbo, zaidi ya farasi 160. Tofauti ni kubwa, na kwetu inakuwa kubwa zaidi kwa sababu ya milima. Butembo iko juu, zaidi ya metre 1,700, na ukienda Lubero unapanda tena. Kule juu hewa ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila metre 1,000. Kwa hiyo ile nyeupe, ikipakia, itapanda na premye, moshi mweusi nyuma, na wamotari watakupita wakikuonea huruma. Turbo inasukuma hewa ndani na haisikii mlima sana. Mwenye anakuambia gari ya kawaida inapanda sawa na ile ingine, hajawahi kupanda nayo.

Basi juu ya nini hatukuchukua turbo? Kwa sababu ya bidon. Mazuti yetu yanatoka Uganda ku kamyo, yanapita mikono mingi, na mwisho unayanunua kwa kadafi kando ya barabara, ku chupa ao ku bidon yenye jana ilibeba mafuta ya ngazi. Maji yako ndani. Vumbi liko ndani. Moteri ya D-4D inasukuma mazuti kwa nguvu ya zaidi ya bar 1,000. Pine ya gari iko na bar mbili ao tatu, ndipo muone. Kwa nguvu ile, tundu za enjekteri ni ndogo sana, na tone la maji ao chembe ya uchafu inaziua. Ziko nne. Moja mpya tuliambiwa dola 300 Kampala, na ikifika lazima fundi awe na ordinatere ya kuiingiza kodi yake. Hapa Butembo wenye wako na ile mashine wanajulikana kwa majina, na wanajua kwamba wanajulikana.

Ile 5L ikikula mazuti mabaya inakohoa. Unafungua filtri, unamwaga maji, fundi wa kijijini anasafisha nozeli, unaendelea. Atakuomba dola 20 na sahani ya chakula. Hatusemi haifi. Tunasema inakufa pahali penye mtu anaweza kuifufua.

Mengine tupite haraka. Janti ya chuma ikipinda ku shimo inapigwa nyundo. Ya alimini inapasuka. Vioo vya umeme vinapenda kukwama wazi wakati mvua imeanza. Viti vya ngozi na mama mwenye ametoka shambani, hata hatukujadili. Skrini ilikuwa inazungumza Kijapani na muuzaji hakujua kuigeuza.

Klima, hapo tuligawanyika, na bado tumegawanyika. Wenye wamefanya safari za Kasindi wakati wa kiangazi wanasema klima si raha: ni kufunga vioo na kupumua bila vumbi saa nne. Wako na haki. Shofere mwenye anakohoa kila jioni, ile ni gharama pia, hata kama haiandikwi ku kaye ya kikundi. Tukanunua mitandio. Tunajua si jibu.

Onyo moja, tena ni la maana: neno "ya kawaida" halina maana moja. Gari ya kawaida yenye ilitengenezwa kwa nchi ya Ghuba si sawa na yenye ilitumwa Ulaya ao Kenya. Kuna pikapu za kawaida zenye si 4x4: zinavuta na pine za nyuma peke yake, na zingine ziko chini chini. Kwa nje ni ndugu pacha. Ingia ndani, tafuta lever ya pili, kisha lala chini uangalie kama mbele kuna shafti na difere. Tena tumeona gari ya kawaida yenye imebandikwa maandishi ya ile ya juu, imevalishwa kile chuma cha kung'aa, na bei ikapanda dola elfu mbili. Jina la nyuma ya gari linatoka na bisibisi. Usome plaki ya chuma ku kabini na namba ya shasi, uilinganishe na karatasi.

Sasa tufike ku kile chenye kilituuma.

Ile ya fedha ilikuwa na ABS na airbag mbili. Ile nyeupe haina kitu. Na siye ndiye tutakaa ndani. Barabara ya Lubero wote tunaijua: miteremko, matope, kamyo yenye inakuja katikati bila taa. Kamarade wetu wa afya ya jamii aliuliza ku mkutano: "Tumeweka bei ku kila kitu. Kifua cha shofere tumeweka ngapi?" Hakuna mtu alijibu kwa muda.

Tulitafuta kusoma ili tujibu. Kuna shirika linaitwa Global NCAP, linagonga magari makusudi ili kupima kama watu wa ndani wanapona. Mwaka 2018 lilipima pikapu Nissan NP300 Hardbody yenye ilikuwa inauzwa Afrika: nyota sifuri kwa watu wakubwa. Na ile gari ilikuwa na airbag mbili! Kabini yenyewe ndiyo haikushikilia. Mwaka 2019 wakafanya lingine: wakagonganisha Hardbody mpya ya Afrika na Navara ya mwaka 2015, ya mkono wa pili, yenye ilitoka Ulaya. Sanamu ya shofere ku ile mpya ilipata majeraha yenye mtu hatoki nayo mzima. Ya ndani ya ile ya zamani ingeteremka kwa miguu.

Hii ilitufundisha mambo mawili yenye yanagombana. Ya kwanza, airbag ku orodha ya muuzaji haitoshi. Kinachokuokoa kwanza ni kabini yenye haikunjiki, na mkanda. Na ku gari ya mkono wa pili, airbag inaweza kuwa ilishalipuka zamani, wakafunika na kifuniko na gundi. Washa ufunguo: taa ya airbag inapaswa kuwaka kidogo na kuzimika. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliikata. Ku ile ya fedha haikuwaka. Muuzaji alisema ni ampule.

Ya pili ni chungu: kuna wenye wametengeneza gari wakasema kwa Afrika hii inatosha. Tukichukua ya kawaida bila kuuliza, tunakubali nao. Ndiyo maana hatupendi kusikia vijana wanasema "ya kawaida ndiyo ya Mwafrika, ni ngumu". Ugumu wa resori si ugumu wa mwili wa mtu.

ABS tuliijadili pia. Ku matope na changarawe haifupishi sana kusimama, hata inaweza kurefusha. Inachofanya ni kukuacha ugeuze volani wakati umekanyaga freni. Ku lami yenye mvua, ile ni maisha. Siye tuko na lami kidogo. (Wenye wanapita kila siku ndani ya jeep za viti vya ngozi ku mashimo ya mji huu, wakatengeneze barabara kwanza, kisha watuambie ni gari gani inafaa.)

Kwa hiyo tulisema: tukikosa ABS na airbag, basi tofauti ya bei haiendi kwa chuma cha kung'aa wala kwa bank lambert, inaenda ku vitu vyenye vinashika gari chini na mtu ku kiti. Tulishusha bei mpaka 11,000, tukimwonyesha muuzaji pine zenye zimebaki kama mpira wa watoto. Zikabaki 1,600. Karatasi 600. Zikabaki 1,000. Pine tano mpya, 600, tano kwa sababu ya akiba ni pine pia. Freni zote nne kufunguliwa na kubadilishwa, 150. Lame ya kuongeza ku resori za nyuma, 120. Filtri mbili na kile kikombe cha kutenga maji na mazuti, 60. Kama mko na D-4D kiwekeni jana. Mikanda mipya, 40.

Na sheria moja yenye haina bei, tena ndiyo iligombanisha watu kuliko moteri: hakuna mtu juu ya magunia. Kila mtu Butembo anajua familia yenye ilizika kijana mwenye alianguka kutoka juu ya mzigo. Tunajua kwamba abiria wa juu ndiye anapasha shofere franga ya mazuti. Tunajua mama mwenye amelipia magunia yake anataka kukaa na magunia yake, maana njiani yanapungua. Tumesema yeye atakaa mbele, kati ya shofere na konvoyere, na mkanda. Wa pili atangoja safari ya pili. Wamotari wetu watatu wanasema sheria hii haitamaliza mwezi. Tutaona, tumeiandika ku kaye, na wote 14 wametia sinyatire.

Kitu cha mwisho hakikuwa ku orodha yetu, kilitoka Masereka. Tulienda kuuliza wauzaji wangepakia kwa nani. Mama mmoja wa poro tulimwonyesha picha za gari mbili ku telefone. Aliziangalia sana, akacheka. "Batoto yangu, hii ya vioo vyeusi miye naogopa hata kuisimamisha. Nitazani ni ya mukubwa fulani. Hii nyeupe nitainua mukono." Kisha akauliza: "Munatozaka ngapi kwa gunia?" Mbele hata gari haijanunuliwa.

Na ku bariere ni vile vile. Kila mwenye anatembea anajua: gari inang'aa, bei ya "maji ya mukubwa" inapanda. Polisi wa rulaji hahesabu magunia, anahesabu janti. Tracasserie tutaendelea kuipinga ku ukurasa huu kama tunavyofanya. Lakini wakati tunaipinga, gari yetu itapita pale kila wiki na shofere wetu ndiye atateremsha kioo. Na mkono, kwa kuzungusha.

Tulipiga kura: tisa kwa ya kawaida, watano kwa fulu opsheni. Dada wa uchumi alikuwa kati ya wale watano, na amekubali kushika kaye ya hesabu ya gari, kila kilometre na kila lita, ili baada ya miezi sita tuone nani alikuwa na haki. Ameomba jambo moja liandikwe hapa: kwamba hajabadilisha mawazo. Tumeliandika.

Wazazi wengine hawajafurahi. Papa wa mmoja wetu aliuliza: "Miaka mitano ku université ili uendeshe gari ya viazi, tena ile isiyo na redio?" Mtoto wake alimjibu kwa heshima kwamba viazi vya nyumbani pia vilikuja na gari. Juu ya redio alinyamaza.

Gari iko garaji kwa ajili ya freni, itatoka Jumamosi. Jumanne inaenda Masereka, mama wa poro ameshaambiwa. Mkihesabu vizuri mutaona kwamba ku zile dola 1,000 tulitumia 970. Zimebaki 30, mchango wa mtu mmoja kwa mwezi mmoja. Wale watano wa fulu opsheni wameomba zinunue redio ya kujaza lile tundu, na kwa kura hiyo hakuna mtu alipinga.

Butembo.